Meno Tunayoyang'oa, Mizizi Tusiyoiandika

Mgonjwa anapoketi kwenye kiti na kufungua kinywa, ninachokiona ni taji la jino tu, yaani ile sehemu nyeupe iliyo juu ya ufizi. Mzizi, ambao aghalabu ni mrefu kuliko taji, umezama ndani ya mfupa wa taya, na ndani ya mzizi huo mna mfereji mwembamba unaopitisha mishipa ya damu na ya fahamu hadi kwenye kiini cha jino. Nimetibu meno hapa Mbeya muda wa kutosha kujua kwamba mataji mawili yanayofanana kabisa yanaweza kuwa yamesimama juu ya mizizi isiyofanana hata kidogo. Ninaandika makala haya kwa sababu naamini kwamba tofauti hizo ndizo chanzo cha maumivu mengi ambayo wagonjwa wetu wa Nyanda za Juu Kusini huambiwa kuwa hayana maelezo, na kwa sababu meno ambayo yangeweza kutufundisha habari za tofauti hizo tunayang'oa kila siku na kuyateketeza bila kuyatazama.

Hesabu ambayo kila mwanafunzi wa tiba ya meno huikariri ni nyepesi. Meno ya mbele na chonge yana mzizi mmoja mmoja. Gego dogo la kwanza la taya la juu mara nyingi lina mizizi miwili. Magego makubwa ya taya la chini yana miwili, mmoja wa mbele na mwingine wa nyuma. Na magego makubwa ya juu yana mitatu, miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa. Hesabu hii haina ubaya ikichukuliwa kuwa ni mahali pa kuanzia. Ubaya huingia pale mtu anapodhani kwamba idadi ya mizizi ndiyo idadi ya mifereji, kwa kuwa mzizi mmoja unaweza kuwa na mfereji mmoja unaoshuka moja kwa moja hadi nchani, au mifereji miwili inayoanza mbalimbali na kukutana kabla ya kutoka, au mfereji mmoja unaogawanyika njiani, au miwili isiyokutana kabisa. Tena kuna vijifereji vya pembeni vinavyochepuka kutoka kwenye mfereji mkuu na kutokea ubavuni mwa mzizi. Mtafiti De Deus alipochunguza meno 1,140 mwaka 1975 alivikuta katika asilimia 27.4 ya meno hayo, vingi vikiwa karibu na ncha, mahali ambapo hakuna chombo cha daktari kinachoweza kupinda na kuingia. Ndiyo maana usafishaji wa mzizi hautegemei chuma peke yake. Tunamwaga ndani yake sodiamu hipokloraiti, kemikali ile ile iliyomo kwenye jiki ya kufulia, kwa sababu huyeyusha tishu zilizokufa na kuua bakteria mahali pasipofikiwa na chuma.

Chanzo cha tofauti hizo kiko katika namna jino linavyojengwa. Taji hukamilika kwanza, likiwa bado limefichwa ndani ya taya la mtoto. Kisha utando mwembamba wa seli, unaojulikana kwa jina la Oskar Hertwig, mwanasayansi wa Ujerumani aliyeueleza katika karne ya 19, huanza kushuka kutoka kwenye ukingo wa taji na kuamua umbo la mzizi utakaofuata. Jino linapotakiwa kuwa na mizizi zaidi ya mmoja, utando huo hutoa ndimi zinazokua kuelekea katikati na kuungana, na kila tundu linalobaki huwa mwanzo wa mzizi wake. Ndimi hizo zikishindwa kukutana, mizizi hushikana au hubaki na mfuo ubavuni. Zikizidi, mizizi nayo huzidi. Kazi hiyo huendelea hata baada ya jino kuchomoza. Gego kubwa la kwanza huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, lakini mizizi yake hufunga ncha takribani miaka 3 baadaye, na hata ikishafunga, dentini, yaani ile tishu ngumu inayounda sehemu kubwa ya jino, huendelea kujengwa polepole kutoka ndani maisha yote, kiasi kwamba mfereji uliokuwa mpana kwa mjukuu huwa mwembamba mno kwa bibi yake. Kwa hiyo umri wa mgonjwa ni jambo la kwanza ninalolitazama kwenye kadi kabla ya kushika drili.

Watu walianza kuyajua mambo haya kwa ukamilifu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na namna walivyoyajua inastahili kusimuliwa, kwa kuwa inagusa jambo ninalolidai baadaye. Walter Hess, aliyefanya kazi Zürich nchini Uswisi, alichukua maelfu ya meno yaliyong'olewa, akajaza mpira laini ndani ya mashimo yake, akaukausha kwa joto hadi ukawa mgumu, kisha akaliyeyusha jino lenyewe kwa asidi. Kilichobaki mkononi kilikuwa umbo la mifereji peke yake, bila jino. Kitabu chake kilipotoka kwa Kiingereza mjini London mwaka 1925, picha za maumbo hayo ziliwashtua madaktari wengi, maana badala ya mirija iliyonyooka waliona nyavu, matawi na viunganisho. Baadaye Frank Vertucci wa Marekani alitumia njia nyingine: aliyafanya meno yawe ya kupitisha mwanga, akatia rangi ndani ya mifereji, na mwaka 1984 akatoa matokeo ya meno 2,400, akiyapanga katika mifumo minane ambayo mpaka leo ndiyo lugha tunayoitumia tunapoelezana mzizi ulivyo. Wote wawili hawakuhitaji mashine kubwa. Walihitaji meno yaliyong'olewa, kemikali zinazopatikana, subira, na uamuzi kwamba jino lililotoka kinywani bado lina jambo la kusema.

Jino ambalo limenisumbua na kunifundisha kuliko mengine yote ni gego kubwa la kwanza la juu. Mzizi wake wa mbele, ulio upande wa shavu, ni mpana ukipimwa kutoka shavuni kwenda kwenye kaakaa, na ndani ya upana huo mara nyingi hukaa mifereji miwili. Ule wa kwanza huonekana bila shida. Wa pili hukaa milimita 2 hadi 3 kuelekea kwenye kaakaa, mdomo wake ukiwa umefunikwa na kibaraza kidogo cha dentini, na asiyeutafuta hauoni. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikuta kwamba mizizi hiyo ilikuwa na mifereji miwili au zaidi katika asilimia 56.8 ya meno. Lakini Kulild na Peters, mwaka 1990, waliufikia mfereji wa pili katika asilimia 95.2 ya meno waliyoyachunguza, na maelezo yao ya namna walivyoufikia ndiyo yenye uzito kwangu: zaidi ya nusu waliupata kwa vyombo vya mkono peke yake, karibu theluthi nyingine walilazimika kuchimba taratibu kwa drili kufuata mfuo, na uliobaki ulionekana kwa hadubini tu. Tofauti kati ya namba hizo mbili inatokana kwa kiasi kikubwa na bidii ya kutafuta, na daktari anayesema kwamba wagonjwa wake hawana mfereji wa nne katika gego hilo, yaani huo wa pili wa mzizi wa mbele, anatoa habari za utafutaji wake kabla hajatoa habari za wagonjwa.

Nitaeleza mara moja iliyonikaa akilini. Mama mmoja mkulima wa kokoa alipanda kutoka Kyela hadi hapa mjini kwa ajili ya gego la juu ambalo lilikuwa limekwisha kutibiwa mzizi kwingineko na kuzibwa vizuri. Maji baridi hayakumsumbua hata kidogo, lakini chai ya moto ilimletea maumivu yaliyodumu muda mrefu baada ya kikombe kuwekwa chini. Aliniuliza, "Dokta, si walishaua mshipa? Sasa kinachouma ni nini?" Nilimjibu, "Mama, yawezekana mshipa mmoja hawakuufikia." Jino lililokwisha kutibiwa mzizi likiendelea kulalamika kwa joto, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba kuna mfereji uliosahaulika ambao bado una tishu ndani yake.

Baada ya sindano ya ganzi nilivalisha jino kile kitambaa cha mpira kinacholitenga na mate, ambacho Sanford Barnum wa Marekani alianza kukitumia mwaka 1864 na ambacho bado hakijapata kitu cha kukishinda. Niliondoa ziba la zamani na kuuona ujazo wa gutapacha, ile dutu kama mpira inayojazwa kwenye mifereji iliyosafishwa, wenye rangi ya waridi katika midomo mitatu. Krasner na Rankow walichunguza vyumba vya kiini vya meno 500 na mwaka 2004 wakaonyesha kwamba sakafu ya chumba hicho siku zote ni nyeusi zaidi kuliko kuta zake, na kwamba midomo ya mifereji hukaa mahali ambapo sakafu hukutana na ukuta. Basi nilifuata mpaka huo wa rangi. Kutoka kwenye mdomo wa mbele palikuwa na mstari mweusi uliokwenda kuelekea kwenye kaakaa, kisha ukapotea chini ya dentini nyeupe isiyolingana na sakafu iliyobaki. Nilipunguza dentini hiyo kidogo kidogo kwa kichwa cha drili kilicho kidogo kabisa, nikaosha, nikakausha, nikatazama tena kwa miwani ya kukuzia. Tone la hipokloraiti liliposimama pale, povu jembamba lilianza kupanda kutoka nukta moja, dalili kwamba kuna tishu chini inayoyeyushwa. Niliingiza faili namba 10, kisindano ambacho ncha yake ina upana wa milimita 0.10, na nikaisikia ikinasa. Mkono unaoijua hali hiyo hauhitaji kuambiwa: faili inayogonga ukuta husukumwa nyuma, lakini iliyoingia mfereji hushikwa kutoka pande zote.

Sitaki msomaji aondoke na fikra kwamba aliyemtibu mama yule kwanza alikuwa mzembe. Kazi yake katika mifereji mitatu ilikuwa safi. Alihesabu mitatu kwa sababu alifundishwa mitatu, na picha yake ya eksirei haikumwonyesha wa nne. Hata hivyo madhara ni yale yale, kwa kuwa bakteria hawaulizi sababu. Utafiti wa mwaka 2016 uliotumia picha za pande tatu ulikuta kwamba meno yaliyotibiwa huku mfereji mmoja umeachwa yalikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara nne wa kuwa na ugonjwa kwenye ncha ya mzizi kuliko yale ambayo mifereji yake yote ilifikiwa.

Gego dogo la kwanza la taya la chini, lile linalofuata chonge, linaonekana kwa nje kuwa jino la mzizi mmoja lisilo na siri. Katika meno ya Vertucci, asilimia 70 ya magego hayo yalikuwa na mfereji mmoja, na sehemu kubwa ya yaliyobaki yalikuwa na mfereji mmoja mpana unaogawanyika katikati ya mzizi kuwa miwili, wa upande wa ulimi ukichepuka kwa pembe kali kiasi kwamba faili inayoshuka moja kwa moja hupita mlangoni pake bila kuugusa. Sasa, mwaka 1986, Trope na wenzake walilinganisha picha za eksirei za wagonjwa 400 weusi na 400 weupe nchini Marekani. Walikuta kwamba asilimia 32.8 ya wagonjwa weusi walikuwa na gego hilo lenye mfereji zaidi ya mmoja, dhidi ya asilimia 13.7 ya wagonjwa weupe. Huo ni mgonjwa mmoja kati ya watatu. Nilipoisoma namba hiyo nilirudi kwenye kitabu nilichosomea na kukiona kwa jicho jingine, kwa maana wastani uliopatikana kutoka taya za watu wa nchi moja hauwi wastani wa binadamu wote kwa sababu umechapwa kwenye karatasi nzuri.

Lakini hata namba ya Trope si yetu. Wamarekani weusi kwa sehemu kubwa ni wazao wa watu wa Afrika Magharibi na ya Kati Magharibi, waliochanganyika na wengine kwa vizazi vingi. Afrika ndilo bara lenye tofauti nyingi zaidi za kinasaba kuliko bara lolote, na neno "Mwafrika" likiandikwa kwenye safu moja ya jedwali hufunika watu walio mbali sana wao kwa wao. Mnyakyusa wa Rungwe, Mhehe wa Iringa, Msangu wa Mbarali, Mkinga wa Makete na Mndali wa Ileje hawawezi kuwekwa kwenye safu hiyo kwa kudhania tu kwamba mizizi yao ni ile ile.

Mkoa wa Iringa una ushahidi wa kale kwamba meno hubeba historia ya watu. Mwaka 2006, katika pango la mwamba la Magubike, watafiti walifukua meno sita ya binadamu kutoka tabaka za Zama za Kati za Mawe. Yote ni ya taya la juu: mawili ya mbele ya katikati, moja la pembeni yake, chonge moja, na magego madogo mawili. Hakuna jino lililojirudia, hivyo yawezekana yote yalikuwa ya mtu mmoja. Makadirio ya tahadhari ni kwamba yana umri usiopungua miaka 45,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalieleza kwamba meno hayo ni ya binadamu wa aina yetu, na kwamba baadhi ya sifa zake zinafanana na za Wasan wa kusini mwa Afrika. Meno ya mbele yalikuwa na mikwaruzo mikubwa kuliko ile inayotokana na kutafuna, ishara kwamba mwenyewe aliyatumia kama chombo cha kazi maisha yake yote. Meno sita tu, yaliyotunzwa na kupimwa kwa uangalifu, yametuambia yote hayo kuhusu mtu aliyeishi hapo Iringa kabla ya majina yetu yote ya makabila. Meno ya mtu wa Iringa aliye hai leo yanastahili uangalifu kama huo.

Kuna tofauti nyingine ambazo nitazitaja kwa haraka, kwa kuwa huku kwetu sijazikuta kwa wingi. Gego kubwa la kwanza la chini linaweza kuwa na mzizi wa tatu, mdogo na uliopinda, upande wa ulimi. Carabelli aliutaja mwaka 1844, na tafiti zinaonyesha kwamba ni wa kawaida kwa watu wa Asia Mashariki na nadra kwa watu wa Ulaya na wa Afrika. Gego la pili la chini linaweza kuwa na mizizi iliyoshikana na mfereji wenye umbo la herufi C, jambo ambalo nalo limeenea zaidi Asia Mashariki. Meno ya mbele ya chini, yale madogo kuliko yote, yana mifereji miwili mara nyingi kuliko inavyodhaniwa: Benjamin na Dowson waliikuta katika asilimia 41.4 mwaka 1974, ingawa ni asilimia 1.3 tu ambayo mifereji yake ilitoka kwa matundu mawili tofauti. Nadra haina maana ya kutokuwapo, na mgonjwa mwenye mzizi wa tatu hafarijiki kuambiwa kwamba wenzake hawana.

Mashine za skani ya pande tatu, zinazoonyesha mzizi kutoka kila upande, zimebadilisha kazi hii duniani, lakini mgonjwa wa Chunya au Ludewa haikuti karibu na kwao, na gharama yake si ndogo. Jambo linalonisikitisha ni kwamba wengi wetu tunaingojea mashine hiyo huku tukiiacha mbinu iliyoelezwa na Clark tangu mwaka 1910, inayohitaji mashine ya kawaida ya eksirei na picha moja ya ziada. Picha iliyopigwa moja kwa moja huilaza mizizi miwili mmoja juu ya mwingine, na jicho linaona mmoja. Ni kama migomba miwili iliyopandwa mmoja nyuma ya mwingine: ukisimama mbele yake unaona mmoja, lakini ukipiga hatua moja kulia, wa nyuma hutokeza upande wa kulia. Ukiisogeza mashine nyuzi 20 hivi kuelekea mbele au nyuma na kupiga picha ya pili, mzizi au mfereji ulio mbali na mashine, yaani wa upande wa ulimi au kaakaa, husogea kuelekea upande ule ule uliosogezewa mashine, na wa upande wa shavu husogea kinyume. Kwenye picha hiyo ya pili tazama pia faili imekaa wapi ndani ya mzizi. Ikiwa haiko katikati, imeegemea upande mmoja, basi upande wa pili una nafasi, na nafasi hiyo kwa kawaida ina mwenyewe. Vivyo hivyo mfereji mpana na mweusi unaofifia ghafla katikati ya mzizi wa gego dogo la chini haukuisha pale, umegawanyika.

Ninajua kwamba kwa wagonjwa wetu wengi habari ya mfereji wa nne haifiki kabisa, kwa kuwa jino linang'olewa. Mtu huvumilia kwa miezi, akisukutua maji ya chumvi na kumeza vidonge vya maumivu, na anapofunga safari kutoka Makete au Ileje uso umekwisha kuvimba, nauli ni ya kukopa, na matibabu ya mzizi yanahitaji arudi mara ya pili. Anasema, "Daktari, litoe tu," na mara nyingi hana njia nyingine. Lakini hata anayeng'oa anafanya kazi na mizizi asiyoiona. Mizizi ya gego la chini iliyotanuka kisha ikapindana nchani haitoki kwa kuvuta. Hukatika, na vipande vinabaki ndani. Mizizi ya magego ya juu hupakana na uwazi wa hewa uliomo kwenye mfupa wa taya la juu, na nguvu isiyo na busara inaweza kufungua tundu kati ya kinywa na uwazi huo. Anayejua kwamba mizizi inaweza kuwa tofauti hupiga picha kwanza, huligawa jino kwa drili inapobidi, na kuutoa kila mzizi kwa njia yake.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye dai langu. Ndoo ya taka hatarishi katika chumba cha meno cha hospitali yoyote ya wilaya huku kwetu inapokea, kwa mwezi mmoja tu, meno mengi kuliko ambayo mwanafunzi atapata nafasi ya kuyachunguza katika masomo yake yote. Hayo ndiyo meno ya watu wetu, yenye mizizi yao, na yanakwenda kwenye tanuri. Ninaamini kwamba kila chumba cha meno kinachoweza kinapaswa kuyapitisha mezani kwanza. Mgonjwa aombwe ridhaa kwa maneno mepesi, na anayetaka jino lake apewe. Jina lake lisiandikwe popote. Jino lisafishwe na kuwekwa kwenye formalini, na lenye ziba la amalgamu litengwe tangu mwanzo, kwa kuwa lina zebaki na halifai kuchomwa motoni kwa hali yoyote.

Kazi yenyewe inaweza kufanywa na vijana wanaosomea utabibu wa meno, na nimeiona ikiwabadilisha. Chumba cha kiini hufunguliwa, tishu huyeyushwa kwa hipokloraiti, kisha jino hulazwa kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 5 inayobadilishwa kila siku hadi madini yote yatoke na jino liwe laini kiasi cha kuchomeka kwa sindano. Huoshwa, wino mweusi hudungwa ndani ya mifereji, maji huondolewa kwa alkoholi inayoongezwa nguvu hatua kwa hatua, na mwishowe jino hutumbukizwa kwenye methili salisilati, yale mafuta yanayotoa harufu ya dawa ya kuchua misuli. Chumba kizima hunukia dawa ya kuchua. Polepole jino lile jeupe lisilopenyeka huanza kupitisha mwanga, kuta zake hubadilika rangi na kuwa za kahawia angavu, na ndani yake mifereji hujitokeza kwa weusi wa wino, pamoja na kila tawi na kila kiunganisho. Mwanafunzi aliyewahi kushika gego la juu la namna hiyo mbele ya dirisha na kuuona kwa macho yake mfereji wa pili katika mzizi wa mbele hatahitaji kushawishiwa na asilimia za mtu yeyote. Siku atakapofungua jino la mgonjwa, atautafuta.

Wapo watakaosema kwamba foleni ni ndefu na watumishi ni wachache, na wanasema kweli. Sidai kila jino lipitie asidi na mafuta. Kadi moja kwa kila jino inatosha kwa kuanzia, na ningependa tuanze na gego dogo la kwanza la taya la chini, kwa kuwa ndilo ambalo namba za vitabu zinatofautiana sana kati ya watu na watu. Kadi iandikwe umri wa mgonjwa, jinsia, wilaya anakotoka kwa asili, upande wa jino, urefu wake kwa milimita, idadi ya mizizi, kama kuna mfuo ubavuni mwa mzizi na uko upande gani, na idadi ya matundu yanayoonekana kwenye ncha kwa miwani ya kukuzia. Palipo na mashine ya eksirei, jino lipigwe picha mbili likiwa limelazwa mezani, moja kutoka upande wa shavu na nyingine kutoka ubavuni, ile ambayo kinywani haiwezekani kupigwa, na ambayo huonyesha mgawanyiko wa mfereji bila kificho. Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa zikitumia kadi ya aina moja, tutaweza kuziweka pamoja na kumwambia tabibu anayeanza kazi Tukuyu au Mafinga ategemee mifereji mingapi katika jino hilo kwa wagonjwa walioketi mbele yake.